Nesi amekukosea: malalamiko uyapeleke hospitali, Barazani au mahakamani?

Mama yangu mkubwa alilazwa kwa presha. Vitanda viwili mbele yake alikuwepo mama mwingine mwenye kisukari, na jina lao la kwanza ni moja: Mwanahawa. Usiku wa pili nesi wa zamu aliingia na sindano ya insulini, akaita "Mwanahawa!", mama mkubwa akaitika kama ambavyo yeyote angeitika akiitwa jina lake usingizini, akachomwa. Haikufika saa moja alikuwa anatetemeka, jasho linamchuruzika, anaongea na watu waliokwisha kufa. Bahati mgonjwa wa jirani alipiga kelele. Wakampima sukari, wakamtundikia glukosi, na alfajiri akaamka anaulizia chai.

Jumamosi iliyofuata kikao cha familia kilikaa sebuleni kwake, na kila mtu alikuja na lake. Baba mdogo alitaka mahakama: walipe. Binamu yangu wa chuo alikuwa ameshaandika posti ndefu, imebaki kubonyeza tu. Mimi nilitaka Baraza la Uuguzi, chombo kinachosajili wauguzi na kushika leseni zao. Mama mkubwa, ambaye ndiye aliyechomwa, alitaka kitu kimoja: yule binti aje amweleze kwa mdomo wake ilikuwaje.

Tulibishana hadi magharibi. Baadaye sana ndipo nilipoona kwamba ubishi wetu haukuwa juu ya mlango upi ni bora. Tulikuwa tunatafuta vitu vinne tofauti, na kila kimoja kina mlango wake. Wengi ninaowasikia wakisema "nililalamika, hakuna kilichofanyika" walibisha hodi kwenye nyumba ambayo haikuwa na walichokitaka. Kwa hiyo hapa naipambanisha milango hiyo kwa kipimo hicho: inatoa nini, inanyima nini, na inakudai nini wewe mlalamikaji. Nazungumzia zaidi Tanzania Bara ninakoishi, na Kenya pale ambapo sheria na kesi zake zinaonyesha jambo waziwazi zaidi.

Kabla ya yote: ni nesi kweli?

Kwetu mwanamke yeyote aliyevaa nyeupe hospitalini ni sista, na mwanamume yeyote ni daktari. Hata akija kubadilisha mashuka tunamwita dokta ili atuhurumie. Tabia hii haina madhara mpaka siku ya kulalamika. Wodi moja inaweza kuwa na muuguzi wa cheti, wa stashahada na wa shahada, mhudumu wa afya ambaye hakusomea uuguzi, wanafunzi walio mafunzoni, tabibu, na kijana wa maabara aliyekuja kuchukua damu. Kila kundi lina msimamizi wake.

Wauguzi na wakunga wa Tanzania Bara wako chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambalo wengi wanaliita TNMC, linaloendeshwa kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Madaktari wana Baraza la Madaktari Tanganyika. Wafamasia wana la kwao. Zanzibar ina baraza lake la wauguzi na wakunga, kwa kuwa afya si jambo la Muungano, hivyo barua ya tukio la Unguja haina kazi Dodoma, liliko Baraza la Bara. Kenya, wauguzi ni wa Nursing Council of Kenya chini ya Sura ya 257 ya sheria za nchi hiyo, madaktari wana baraza lao, na wale matabibu wanaoitwa clinical officers wana lao pia.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kukitafuta ni jina kamili na cheo. Limo kwenye beji, na likikosekana huko, muuguzi mfawidhi wa wodi ana orodha ya zamu. Ukishalipata, mabaraza ya Tanzania na Kenya yote yana njia ya mtandaoni ya kuhakiki kama mtu amesajiliwa na leseni yake ni hai. Ukikuta hayumo kabisa, hesabu inabadilika. Baraza haliwezi kufuta jina ambalo halikuliandika. Kufanya kazi ya uuguzi bila kusajiliwa ni kosa la jinai, na hapo mlango wa kwanza ni polisi, Baraza likipewa taarifa.

Kosa lingine ninaloliona mara kwa mara ni kupeleka malalamiko kwenye chama. TANNA cha Tanzania na KNUN cha Kenya ni vyombo vya wauguzi wenyewe, kazi yao ni kumtetea muuguzi, na wana haki ya kuifanya. Baraza limewekwa na sheria kwa ajili yako wewe uliyelala kitandani. Kuna watu wamekaa miezi wakisubiri jibu kutoka kwa mtetezi wa upande wa pili.

Nitoke nje ya mada kidogo. Wazo hili la daftari la wauguzi, kwamba nchi iwe na kitabu na asiyemo asijiite muuguzi, watu hudhani lilikuja Afrika kwa meli kutoka London. Sheria ya kwanza duniani kusajili wauguzi ilipitishwa Koloni la Cape, Afrika Kusini ya leo, mwaka 1891, kwa msukumo wa mtawa na muuguzi Henrietta Stockdale wa Kimberley. New Zealand ilifuata na sheria ya wauguzi peke yao mwaka 1901. Uingereza yenyewe ilibishana miaka zaidi ya 30 na kupata sheria yake mwaka 1919.

Mlango wa hospitali: wa karibu, na mwepesi kufungwa

Kwa kituo cha serikali ngazi zake ni hizi: muuguzi mfawidhi wa wodi, kisha matroni au patroni wa hospitali, kisha mganga mfawidhi, na juu yake mganga mkuu wa wilaya. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali anasaidia sana, hasa kama mgonjwa ni mzee au hana anayejua kuandika. Sanduku la maoni lipo pia, lakini sijawahi kuelewa ufunguo wake anashika nani.

Mlango huu unatoa vitu ambavyo mingine yote haina. Unatoa maelezo: nini kilitokea, saa ngapi, dawa gani, kipimo gani. Unatoa samahani. Unatoa mabadiliko ya haraka, kama mgonjwa wako bado yumo ndani na unaogopa kesho atahudumiwa na mtu yuleyule. Mambo haya hayawezi kusubiri kikao cha baraza lolote. Kenya wameliandika kabisa: Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa kila mtu haki ya kulalamika kuhusu alivyotendewa kwenye kituo cha afya na malalamiko yake yachunguzwe.

Udhaifu wake ni kwamba anayechunguza ni mwenye nyumba. Na adhabu yake kubwa haivuki geti. Hospitali binafsi ikimfukuza muuguzi mlevi Ijumaa, Jumatatu anaweza kuwa ameajiriwa mtaa wa pili akiwa na leseni safi. Serikalini kuna dawa yetu ya jadi, uhamisho: anayewashinda mjini anapelekwa zahanati ya mbali, akawe peke yake usiku na wajawazito wasio na pa kulalamika. Mwenye kesi yake mjini anaona haki imetendeka, wakati tatizo limepakiwa kwenye gari na kushushwa kijijini.

Jambo jingine ni kwamba haraka ya hospitali ina sura mbili. Mwanzoni mwa Machi 2018 ilivuma habari ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ambako mgonjwa asiyehitaji upasuaji alifunguliwa fuvu kwa kuchanganywa na mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda kichwani. Vitambulisho vilibadilishana. Hospitali iliwasimamisha kazi mara moja daktari wa upasuaji, mtaalamu wa usingizi, muuguzi wa wodi na muuguzi aliyepokea mgonjwa chumba cha upasuaji. Wananchi walitulia kidogo. Lakini madaktari walilalamika kwamba wanabebeshwa mzigo watu wa chini, na swali la maana zaidi ni lile ambalo kusimamisha watu hakulijibu: ilikuwaje utaratibu wenye mikono mingi namna ile upitishe kosa lilelile kutoka mkono hadi mkono bila hata mmoja kulishika?

Nilipoisoma tena habari ile baada ya yaliyompata mama mkubwa, niliacha kumwona nesi wetu kama mtu mbaya. Majina mawili yaliyofanana, wodi imejaa, zamu ya usiku, mtu mmoja. Hilo halimwondolei kosa, kwani kuuliza jina la pili kunachukua sekunde tatu. Lakini lilibadilisha nilichotaka kuuliza.

Ukienda hospitali, nenda na karatasi. Tarehe, saa, wodi, namba ya faili, jina la mhusika, kilichotokea kwa mpangilio, na unachotaka. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Maneno ya mdomo mbele ya meza ya matroni yanaisha ukishatoka mlangoni. Na omba muhtasari wa matibabu mapema, wakati faili bado lina joto.

Mlango wa Baraza: haukulipi wewe

Huu ndio mlango ambao haueleweki, na ndio ninaoutetea zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Baraza linashika kitu kimoja tu, nacho ni leseni. Linaandika majina ya waliofuzu, linawapa mitihani ya kuingilia kazini, linawataka waendelee kujifunza ili leseni ihuishwe, na mtu akienda kinyume na maadili linamwita ajieleze. Adhabu zake ziko kwenye mstari huohuo: onyo, kusimamishwa kwa muda, kufutwa kwenye daftari. Haliwezi kukulipa gharama za glukosi. Haliwezi kumfunga mtu. Halitaamua hospitali iongeze wauguzi wa usiku.

Swali linaloulizwa pale si "mlalamikaji alipwe nini?" Swali ni: huyu mtu tukimwacha na mgonjwa kesho, mgonjwa atakuwa salama? Kwa hiyo wewe uliyeumizwa, mbele ya Baraza, ni shahidi. Watu wengi linawauma hili. Wanafika wakidhani ni kesi yao, wanakuta wanasikilizwa, wanashukuriwa, na kesi inaendelea kati ya Baraza na muuguzi. Anayelindwa ni mgonjwa ajaye ambaye hamtajuana. Kama moyo wako hauko tayari kufanya kazi hiyo ya bure kwa ajili ya mtu usiyemjua, usipite mlango huu kwa hasira. Utachoka katikati.

Lakini ukilinganisha na hospitali, Baraza lina nguvu moja ambayo mwajiri hana: uamuzi wake unamfuata mtu. Aliyefutwa jina hawezi kuajiriwa kihalali kama muuguzi kwenye hospitali ya serikali, ya misheni, ya binafsi wala kliniki ya mtaani. Ule mchezo wa kumhamisha unakwisha. Ndiyo maana kuna mambo ambayo mimi nasema usiyamalizie kwa matroni hata ukiombwa radhi kwa magoti. Muuguzi anayekuja zamu amelewa. Anayeiba dawa za kulevya za hospitali, zile za maumivu makali. Anayepiga wajawazito. Aliyeghushi faili baada ya tukio, akaandika alipima presha saa nane wakati alikuwa amelala. Aliyemshika mgonjwa kwa namna isiyo ya kitabibu. Mkunga aliyemwacha mama leba akaondoka. Haya hayasababishwi na uchovu wala wodi kujaa. Ni mtu, na mtu huyo ataenda nayo popote aendapo.

Kinyume chake, yapo yanayopelekwa Barazani ambayo Baraza halina la kuyafanyia. Foleni ndefu. "Dawa zimeisha, kanunueni nje." Nesi aliyekujibu mkato mara moja. Kitanda kimoja watu wawili. Hayo ni ya hospitali na ya serikali, na ukiyapachika kwenye barua yako ya Baraza unaipunguzia uzito ile sehemu iliyokuwa ya maana. Barua nzuri ya Baraza ina mtu mmoja na kitendo kimoja, au mtu mmoja na vitendo vinavyojirudia.

Gharama yake kwako ni muda na jina. Baraza litataka uandike jina lako na uwe tayari kusema ulichokiona, maana muuguzi naye ana haki ya kusikilizwa na kujibu kila neno. Ukikaa mji mdogo ambako nesi huyo ni jirani, mke wa mwalimu wa mwanao, na ndiye atakayempokea mkweo leba mwezi ujao, gharama hiyo si ndogo. Siwezi kumlaumu anayeogopa. Naweza kumwambia tu kwamba barua isiyo na jina ni taarifa nzuri kwa ukaguzi lakini ni msingi dhaifu wa shauri.

Mahakama: fedha, na macho yanayoona mbali zaidi

Baba mdogo alikuwa sahihi kwenye jambo moja: ukitaka kulipwa, hakuna mlango mwingine. Fidia ya uzembe, ya kipato kilichopotea, ya ulemavu, inatoka mahakamani au kwenye mapatano yaliyofanywa kwa kuiogopa mahakama. Na unayemshitaki kwa kawaida ni mwajiri pamoja na muuguzi, kwa sababu mwajiri anawajibika kwa kazi ya mtumishi wake na ndiye mwenye fedha.

Mwezi uleule wa ile habari ya Kenyatta, Machi 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma ilitoa hukumu ambayo kila anayefikiria mlango huu anapaswa kuijua. Agosti 2013 mama mmoja alifika hospitali ya rufaa ya kaunti hiyo kujifungua, miezi miwili tu baada ya serikali kutangaza kwamba uzazi ni bure. Dawa aliambiwa anunue. Vitanda havikutosha. Aliishiwa nguvu koridoni, akajifungulia sakafuni bila fahamu, akazinduka wauguzi wanamfokea na kumpiga kwa kuchafua sakafu. Tukio lilirekodiwa kwa video na kusambaa. Kwa msaada wa shirika la Center for Reproductive Rights alifungua shauri la kikatiba, akapewa shilingi milioni 2.5 za Kenya, na mahakama ikatamka kwamba utu wake ulivunjwa.

Hukumu ile haikuishia kwa wauguzi. Iliitazama serikali ya taifa na ya kaunti, ikasema zilitangaza huduma bure bila kuitengea rasilimali. Hapo ndipo mahakama inapolizidi Baraza. Baraza lingeona kofi, na lingekuwa sahihi kulishughulikia. Mahakama iliona kofi na kitanda kisichokuwepo.

Sasa hesabu miaka: tukio 2013, hukumu 2018. Na yule mama alikuwa na video, mawakili, na shirika nyuma yake. Wewe utahitaji faili la hospitali, daktari atakayekuja kusema huduma ile ilikuwa chini ya kiwango, na daktari wa hapa kumtolea ushahidi mwenzake si jambo jepesi. Utahitaji pia madhara ya kuonyesha. Mama mkubwa alipona siku ya pili. Nilimwuliza wakili tunayefahamiana, akanijibu swali langu kwa swali: "Ameumia kiasi gani?" Nikaelewa. Kosa kubwa lenye madhara madogo linaleta fidia ndogo, na nauli za kwenda na kurudi zinaweza kuimaliza.

Kinachowaponza wengi hapa ni saa. Tanzania, madai ya uzembe yana miaka 3 kuanzia tukio, na ukiishitaki serikali lazima kwanza uipe notisi ya siku 90. Kenya ni kali zaidi kwa hospitali za umma: shauri la madhara dhidi ya serikali lina miezi 12, ingawa njia ya kikatiba kama ile ya Bungoma haina ukomo wa namna hiyo. Mtu anasubiri jibu la hospitali mwaka mzima kwa adabu, kisha anaenda kwa wakili anaambiwa mlango umefungwa miezi minane iliyopita. Hospitali na Baraza vinaweza kusubiri kidogo. Mwone wakili au kituo cha msaada wa kisheria mapema, hata kama huna hakika, ujue tarehe yako ya mwisho ni lini. Lugha isikutishe pia: tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, lugha ya mahakama Tanzania ni Kiswahili.

Polisi na TAKUKURU

Hapa sina maneno mengi. Kofi ni shambulio. Kumshika mgonjwa kingono ni jinai nzito. Mtoto kupotea wodini ni polisi usiku huohuo, si matroni asubuhi. Hata uzembe wenyewe unaweza kuwa jinai: kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na ndugu yake kifungu cha 243 cha Kenya, vinataja kumtibu mtu kizembe kwa namna ya kuhatarisha maisha yake. Ukiwa na jeraha, chukua fomu, PF3 kwa Tanzania na P3 kwa Kenya, kabla halijapona. Na akikuomba "hela ya chai" ndipo amguse mgonjwa wako, hiyo ni TAKUKURU, namba 113, bila malipo. Kenya ni EACC.

Binamu na posti yake

Tulimzuia, ila sikuwa na hakika kama tulifanya sawa. Mtandao una kitu ambacho milango mingine haina, kasi ya saa mbili, na bila video kesi ya Bungoma ingekuwa neno la mjamzito mmoja dhidi ya hospitali nzima. Ninachoweza kusema ni kwamba video inafaa kuwa ushahidi, haifai kuwa hukumu. Irekodi, itunze, wape wanaochunguza. Ukiirusha, umerusha na sura ya mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye hakukuruhusu, na sheria za taarifa binafsi zipo sasa, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Posti ya binamu ilikuwa na jina la nesi, picha yake ya harusi aliyoitoa Instagram, na kosa la tarehe.

Kama mgonjwa wako yuko Uingereza

Naulizwa hili na ndugu walioko huko, kwa hiyo kwa kifupi. Milango ni ileile, ila mipaka yake imechorwa wazi zaidi. England unaanza na hospitali yenyewe, ndani ya miezi 12, na usiporidhika unakwenda kwa msuluhishi wa malalamiko aliye chini ya Bunge. Leseni ya muuguzi ni ya Nursing and Midwifery Council, iliyoundwa 2002, yenye zaidi ya majina 800,000 kwenye daftari. Tangu 2016 kila muuguzi anahakikiwa upya kila baada ya miaka 3, akionyesha saa 450 za kazi na saa 35 za kujifunza. Daftari liko wazi kwa yeyote mwenye simu, na maamuzi ya kufutwa huchapishwa kwa jina. Aliyefutwa anaweza kuomba kurudi baada ya miaka 5. Fidia hawatoi, kama huku kwetu.

Uchagueje

Ukitaka maelezo, samahani au mabadiliko ya leo, hospitali. Ukiwa umeona mtu ambaye hafai kuachwa na mgonjwa mwingine, Baraza, hata kama hospitali imekuomba radhi. Ukiwa na madhara yanayodumu, wakili, ndani ya mwaka wa kwanza. Kipigo, wizi, ngono au rushwa, polisi na TAKUKURU kwanza. Kupita mlango mmoja hakufungi mwingine, na kesi nzito hupita mitatu kwa pamoja. Ila anayechagua awe yule aliyeumizwa akiwa na akili zake. Sisi watoto na wapwa huwa tunachagua mlango unaopoza hasira zetu.

Mama mkubwa alichagua hospitali. Barua ilikwenda na nakala ikagongwa muhuri. Wiki ya tatu matroni alikuja nyumbani na yule binti, wakakaa kwenye mkeka. Binti alisema alikuwa na wagonjwa wengi usiku ule, kisha akanyamaza, akasema hata hivyo alipaswa kusoma faili. Alilia. Mama mkubwa akampa maji. Barua yangu ya Baraza, kurasa mbili, niliyokuwa nimeiandika na kuisoma mara tano, aliikataa: kosa moja, tena la kuungama, hakuona la kumpeleka mtu Dodoma. Bado iko kwenye droo yangu. Kuna siku naona alikosea, kwamba Baraza lilipaswa kujua, ili likitokea la pili lisiitwe la kwanza.

Juzi alikwenda kliniki ya presha, akaniambia kwenye simu kwamba amemkuta yuleyule. Amemwamkia vizuri, amemwita mama. Kisha akamwuliza jina lake kamili na la baba yake.

"Ananijua fika," mama mkubwa akasema. "Nikamtajia yote mawili, na la babu nikaongeza."